Saa ya Kufungiwa Sandukuni si Urithi Wala Uwekezaji

Tarehe 26 Oktoba 2017, jijini New York, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza saa moja ya mkono kwa dola 17,752,500. Ilikuwa Rolex Daytona ya chuma, muundo namba 6239, mali ya zamani ya Paul Newman, mwigizaji wa filamu na dereva wa magari ya mashindano. Mkewe, mwigizaji Joanne Woodward, alimnunulia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa dola mia chache, na mgongoni mwa saa akaagiza yachorwe maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Newman aliivaa miaka mingi. Mwaka 1984 akaivua na kumpa kijana aliyekuwa na uhusiano na binti yake Nell, naye pia akaivaa kwa miaka. Mpaka siku ya mnada huo, hakuna saa ya mkono iliyokuwa imewahi kufika bei hiyo mnadani.

Tangu hapo imani moja imezidi kukita mizizi, kutoka Geneva hadi Dubai, na sasa inasikika hata miongoni mwa vijana wenye kipato wa Nairobi na Dar es Salaam. Wanaoishika si wajinga, na inastahili kuelezwa kwa haki. Wanasema saa adimu ya zamani ina bei kubwa kwa sababu imetengenezwa kwa ubora usiopatikana tena. Wanasema ni chache, na kitu kichache hakiwezi kukosa mnunuzi. Wanasema iliyobaki na vipande vyake vyote vya kiwandani ni shahidi mkweli wa zama zake. Wanasema pesa iliyowekwa kwenye saa kama hiyo iko salama kuliko benki, kwani thamani yake hupanda huku sarafu zikishuka. Na wanasema wakusanyaji ndio wanaoihifadhi historia ya ufundi wa saa, kwa hiyo tunapaswa kuwashukuru.

Ninazipinga hoja zote tano, kwa sababu moja inayopita ndani ya zote: soko la saa adimu huitukuza saa kwa kuinyima maisha ya saa. Kilichoifanya saa ya Newman itafutwe ni kununuliwa kwa mapenzi, kuvaliwa, kukwaruzika na kutolewa zawadi. Katika hayo yote, kanuni za soko la leo zinamruhusu mmiliki mpya kununua tu. Akiivaa, bei inashuka; akimpelekea fundi aisafishe, inashuka zaidi; akimpa mtu, ataambiwa amepoteza akili. Soko linaloadhibu matumizi na matengenezo ya kitu haliwezi kudai kwamba linakiheshimu.

1. Kwamba bei inatokana na ubora

Tuanze ndani. Mashine ya Daytona 6239 haikubuniwa na Rolex. Ni Valjoux 72, mashine ya kutiwa ufunguo kwa mkono iliyotengenezwa na kiwanda kingine cha Uswisi, ambayo Rolex iliifanyia marekebisho na kuipa namba yake. Mashine ya ukoo huohuo ilifungwa ndani ya Heuer Carrera na ndani ya Universal Genève Compax, na saa hizo leo hazikaribii bei ya Daytona ya Newman hata kidogo. Kuanzia 1988 Daytona ilitumia mashine ya Zenith iliyorekebishwa, na ni mwaka 2000 tu ndipo Rolex ilipoiwekea mashine iliyoibuni na kuitengeneza yenyewe. Anayesema analipia ustadi wa kiwanda cha Rolex ndani ya saa ya miaka ya 1960 ajue kwamba moyo wa saa hiyo ulinunuliwa nje.

Kinachoitenganisha saa hii na nyingine za muundo wake ni uso, na uso nao ulitengenezwa na Singer, kampuni iliyowauzia watengenezaji wengi. Utazame kwa lenzi ya fundi. Sehemu kubwa ni nyeupe ya maziwa, yenye viduara vitatu vyeusi. Ndani ya viduara hivyo mistari midogo inaishia kwenye vimiraba, na tarakimu zimechorwa kwa mtindo wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiduara cha kushoto kimeandikwa 15, 30, 45 na 60, ilhali kwenye uso wa kawaida kimeandikwa 20, 40 na 60. Pembezoni kabisa unazunguka mstari mwekundu wa sekunde. Ni uso mzuri kuutazama, sikatai. Lakini ni rangi iliyochapwa juu ya bamba jembamba. Hauongezi hata chembe ya usahihi wala uimara wa saa, na ndio huo uso unaoipandisha bei juu ya dada zake waliotoka kiwanda kimoja.

Kuhusu uimara, ushahidi upo. Katikati ya miaka ya 1960 shirika la anga la Marekani, NASA, lilizijaribu saa za Rolex, Longines-Wittnauer na Omega ili kuchagua zitakazovaliwa na wanaanga. Rolex ya muundo wa 6238, mtangulizi wa moja kwa moja wa Daytona na mwenye mashine ya ukoo uleule wa Valjoux, ilisimama mara mbili katika jaribio la unyevu. Kisha katika jaribio la joto mshale wake wa sekunde ukapinda na kukwama juu ya mishale mingine. Machi 1965 iliyoidhinishwa ikawa Omega Speedmaster. Kuhusu usahihi, mwezi Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa saa ya Astron inayoendeshwa kwa jiwe la kwatzi na betri, na suala la nani anatunza wakati vizuri zaidi likaisha. Saa ya mitambo inayopata cheti cha Uswisi cha usahihi leo inaruhusiwa kutangulia kwa sekunde 6 kwa siku, yaani dakika 3 kwa mwezi. Casio F-91W ya plastiki, iliyotoka 1989 na ambayo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wameivaa, imepewa kiwango cha sekunde 30 kwa mwezi.

Mtetezi atajibu kwamba ubora si usahihi pekee; ni kazi ya mkono, ni uzuri wa magurudumu madogo yanayosukumana bila umeme. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haielezi bei. Wakati wa mnada ule, Daytona nyingine zenye uso wa aina hiyohiyo zilikuwa zikiuzwa kwa dola laki moja, mbili au tatu. Hata tukichukua laki tatu, sehemu ya bei ya saa ya Newman inayoweza kuhesabiwa kuwa ya saa yenyewe ni chini ya senti 2 katika kila dola. Zilizobaki, zaidi ya senti 98, zimelipiwa jina la aliyeivaa, maneno ya mkewe na ushindani wa waliokuwa wakinadi. Mtu ana haki ya kununua vitu hivyo. Hana haki ya kutuambia kwamba alichonunua ni ubora.

2. Kwamba uchache ni dalili ya thamani

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kipimo hicho, Daytona zenye uso wa aina ya Newman zilikuwa kibaya. Zilipoingia madukani wateja walizipita wakachukua saa za kawaida, na nyingine zilikaa kabatini muda mrefu bila mnunuzi. Ni chache leo kwa sababu watu wa wakati wake, waliokuwa na uhuru wa kuzinunua kwa bei ya kawaida, hawakuzitaka. Uchache huo haukutokana na ugumu wa kuzitengeneza, wala uhaba wa malighafi, wala kifo cha bingwa aliyekwenda kaburini na siri yake. Ulitokana na kukataliwa, na soko limekuja likakubatiza kukataliwa huko jina la upekee.

Mfano wa Patek Philippe 1518 unaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Saa hiyo ilianza kutolewa 1941, ikiwa na kalenda ya kudumu na kipima muda katika kasha moja, na zilitengenezwa 281. Karibu zote ni za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni 4. Aliyekuwa na uwezo wa kununua saa ya namna ile miaka ya 1940 alitaka dhahabu, na chuma kilikuwa metali ya bei nafuu. Novemba 2016 mojawapo ya hizo nne za chuma iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 11, wakati dada zake nyingi za dhahabu, zenye mashine ileile, zinapatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Metali duni imeipita metali bora kwa mara nyingi, na hakuna kilichobadilika ndani ya saa.

Anayesema kitu kichache hakiwezi kukosa mnunuzi amesahau upande wa pili wa hesabu. Uchache hauleti bei bila watu wanaokitaka kitu hicho, na wanaokitaka hutengenezwa: kwa vitabu vya picha, kwa katalogi za mnada, kwa wasanii wanaovishwa saa mbele ya kamera, kwa jina la Newman lenyewe, ambalo wafanyabiashara waliubandika uso ule miaka mingi baada ya kutoka kiwandani. Kizazi kilichomwona Newman kwenye sinema kikipita, hakuna sheria ya soko inayokilazimisha kijacho kulilipia jina lake. Kuna saa za mfukoni za karne ya 19 ambazo ni chache kuliko Daytona na zilizotengenezwa kwa jasho zaidi, na zinauzwa kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu. Uchache zinao, wa kuzitamani hawapo.

3. Kwamba uhalisi ni ukweli

Hapa ndipo imani hii inapojipinga yenyewe waziwazi. Sharti kuu la wakusanyaji ni kwamba saa isiguswe. Kasha lisisuguliwe, kwa kuwa kusugua kunalainisha kingo kali za zile pembe nne zinazoshika mkanda. Uso usibadilishwe, mishale isipakwe rangi upya, vitufe visifunguliwe. Saa iliyopelekwa kiwandani ikarudi na uso mpya wa kiwanda hichohicho inashuka thamani kuliko iliyoachwa ichakae. Lakini soko hilohilo linalipa ziada kubwa kwa nyuso nyeusi zilizogeuka kahawia kwa sababu rangi yake ilikuwa na kasoro na jua likaichoma. Maana yake ni kwamba uharibifu wa jua unalipwa na mkono wa fundi unatozwa faini. Kama shabaha ingekuwa kuiona saa ilivyotoka kiwandani, uso uliogeuka kahawia ungekuwa hasara. Kama shabaha ingekuwa kuheshimu maisha iliyopitia, kazi ya fundi aliyeifungua, akaisafisha na kuirudishia mwendo ingekuwa sehemu ya maisha hayo.

Mfano mzito zaidi ni Rolex GMT-Master 6542, saa ya marubani ya miaka ya 1950. Za mwanzo zilikuwa na ukingo wa bakelaiti uliojazwa rangi ya kung'aa gizani yenye mionzi, na karibu na 1960 hofu ya madini ya strontiamu katika rangi hiyo ilifanya zilizouzwa Marekani zirejeshwe ili ukingo ubadilishwe. Walioitikia wito walipata ukingo salama wa metali. Leo saa iliyobadilishiwa ukingo kwa usalama wa mvaaji inahesabiwa pungufu, na ile ambayo mwenyewe aliupuuza wito ndiyo inayogombewa. Soko limefika mahali pa kumzawadia aliyeikataa tahadhari ya afya, nusu karne baadaye, na kuita hilo uhalisi.

Tena nani anathibitisha uhalisi huo? Rolex haiwafungulii wanunuzi kumbukumbu za saa zake za zamani. Ujuzi wa kutambua upi uso wa kweli na upi wa kughushi uko kwa wafanyabiashara, wakusanyaji wakubwa na kampuni za mnada, yaani kwa watu walewale wanaofaidika saa ikitangazwa kuwa ya kweli. Kwa kuwa uso mmoja uliochapwa unaweza kuwa na bei kubwa kuliko saa nzima, kishawishi cha kughushi hakina mwisho. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya muundo wa 2915-1, iliyokadiriwa kufika faranga 80,000 hadi 120,000, iliuzwa Geneva kwa faranga 3,115,500. Aliyeinunua alikuwa makumbusho ya Omega yenyewe. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kumbukumbu za kiwanda zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, lenzi zilikuwepo, na bado mtengenezaji aliuziwa saa bandia ya jina lake. Mnunuzi wa kawaida anayeambiwa aamini cheti cha muuzaji ana kinga gani zaidi ya hiyo?

4. Kwamba ni mahali salama pa kuweka akiba

Hoja hii ndiyo inayowaumiza watu wa kawaida, kwa kuwa mamilionea hawahitaji ushauri wa akiba. Kwanza, mifano inayotolewa ni ya walioshinda tu. Tunasimuliwa saa ya Newman. Hatusimuliwi maelfu ya saa za miaka ya 1960 ambazo leo haziuziki kwa bei ya kuzifanyia matengenezo. Woodward hakununua uwekezaji. Alimnunulia mumewe kitu cha kumfaa kwenye mbio za magari, na kama angekuwa anatafuta faida angeweza kuchagua saa nyingine mia zilizokuwa na sifa zaidi wakati ule akapata hasara. Faida inayoonekana tu baada ya miaka 50, kwa saa moja kati ya maelfu, si mbinu ya akiba. Ni bahati iliyosimuliwa kinyumenyume.

Pili, hesabu ya kuingia na kutoka. Katika zile dola 17,752,500, nyundo iliangukia dola milioni 15.5; zaidi ya milioni 2 zilizobaki ni ada ya mnunuzi kwa kampuni ya mnada. Kwa saa za bei za kawaida ada hiyo kwa kawaida hukaribia robo ya bei ya nyundo. Chukua saa iliyopigiwa nyundo kwa 100,000: mnunuzi atatoa kama 125,000. Akiirudisha mnadani kesho na nyundo ikaanguka palepale, atapata si zaidi ya 100,000, na mara nyingi pungufu, kwa sababu muuzaji naye hukatwa. Amepoteza moja ya tano ya fedha yake kabla bei haijashuka hata senti. Ongeza bima, sanduku la benki, na gharama za mtaalamu wa kuithibitisha. Muda wote huo saa haimletei chochote. Shamba hutoa mavuno, nyumba hutoa kodi, hisa hutoa gawio; saa iliyofungiwa haitoi kitu mpaka apatikane mtu mwingine wa kulipa zaidi, naye ataishi kwa tumaini lilelile.

Tatu, bei hushuka. Katika miaka ya janga la korona bei za Rolex Daytona ya kisasa, Patek Philippe Nautilus na Audemars Piguet Royal Oak kwenye soko la saa zilizotumika zilipaa kwa kasi, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba hazitarudi chini. Baada ya kilele cha mwanzoni mwa 2022 zikaporomoka. Atakayesema hizo ni saa za kisasa na zile za zamani ni jambo jingine akumbuke kwamba kupanda kwa za kisasa ndiko kulikotumiwa kuithibitisha imani nzima, kwa hiyo kuporomoka kwake nako kuhesabiwe. Kuna pia gharama ya usalama. Jijini London wizi wa saa za bei mbaya uliongezeka mpaka polisi wakaweka askari kanzu kuwanasa wezi mitaani. Akiba ambayo mwenyewe anaogopa kutoka nayo nje imeshamgharimu uhuru wake.

5. Kwamba wakusanyaji wanahifadhi historia

Nakiri kwamba wakusanyaji wameandika mengi. Bila wao tusingejua nyuso zilitoka wapi wala mashine zilibadilika lini. Hata hivyo bei zilezile zinazowavutia zinaharibu ushahidi wanaodai kuulinda. Uso wa aina ya Newman ukiwa na bei kubwa kuliko saa, Daytona ya kawaida iliyokaa nusu karne na uso wake halali hung'olewa uso huo ili uwekwe ule unaouzika. Saa za kawaida hununuliwa ili zichinjwe vipuri. Kila inayochinjwa ni historia ya mtu fulani, daktari au fundi magari ambaye jina lake halikuwa kwenye sinema, na historia hiyo inafutwa ili saa nyingine ionekane kamili mnadani. Huko ni kuchagua historia yenye mnunuzi na kuitupa isiyo naye.

Tuchukue saa zinazowahusu Waswahili wa Muscat kwa karibu. Sultan Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alikuwa na desturi ya kuwazawadia askari, maofisa na wageni wake saa za Rolex na Patek Philippe zilizochapwa usoni nembo ya taifa, jambia na panga mbili, nyingi zikiwa zimeagizwa kupitia duka la Asprey la London. Zawadi ya namna hiyo ilikuwa na maana kamili: mtawala anamshukuru mtu aliyemtumikia, na aliyepewa anaivaa ili shukrani hiyo ionekane. Inapoingia mnadani, sura ya kilichouzwa inabadilika. Mnunuzi hakumtumikia Sultani wala hakushukuriwa naye. Amenunua ushahidi wa shukrani ya watu wengine, kisha anaificha saa isichakae, na jambia lile halionekani na mtu. Na kwa kuwa nembo iliyochapwa si ngumu kuigwa, bei kubwa imezaa nyuso za kughushi ambazo zinaifanya kila saa ya kweli ya aina hiyo itiliwe shaka, hata iliyo mkononi mwa familia ya aliyezawadiwa.

Kuna wanaojibu kwamba michoro ya mabingwa nayo hununuliwa kwa mamilioni na kufungiwa, na hakuna anayelalamika. Wapo wanaolalamika, nami ni mmoja wao. Lakini hata hapo mfano hauwasaidii. Mchoro ulifanywa utazamwe, na ukitundikwa makumbusho unafanya kazi yake. Ukiharibika, mafundi wa makumbusho huutengeneza kwa kanuni zinazojulikana, hurekodi walichofanya, na heshima yake hubaki. Saa ilifanywa itembee mkononi. Mafuta ya ndani hukauka, na mashine iliyokauka ikitembezwa inajila. Kwa hiyo saa inayofungiwa miaka mingi bila huduma, kwa kuogopa mkono wa fundi, haihifadhiwi. Inasimama tu.

6. Mapingamizi mawili yanayobaki

La kwanza: fedha ni zake, mwache azitumie apendavyo. Sina nia ya kumzuia. Makala hii haidai sheria wala kodi. Inabishana na madai yanayotolewa hadharani kwamba matumizi hayo ni hekima ya fedha na huduma kwa utamaduni. Mtu akisema ameinunua kwa sababu ameipenda, na kesho akaonekana sokoni ameivaa, hoja yangu yote haimgusi. Inamgusa anayetaka asifiwe kwa kuhifadhi kitu ambacho amekinyima kazi yake.

La pili: minada hii husaidia wahitaji. Sehemu ya fedha za saa ya Newman ilikwenda kwenye taasisi ya hisani ya binti yake, na mwaka 2019 saa moja ya Patek Philippe iliyotengenezwa mahsusi kwa mnada wa hisani wa Only Watch ilileta faranga milioni 31 kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Fedha hizo ni njema, na wagonjwa hawana sababu ya kuuliza zilikotoka. Lakini wema wa mtoaji hauthibitishi ukweli wa bei. Aliyekuwa na milioni 31 za kutoa angeweza kuzitoa bila kupokea saa.

Gharama kubwa ya imani hii iko mbali na kumbi za mnada, kwenye meza ya fundi saa. Wenye viwanda wamejifunza kutoka kwa wakusanyaji kwamba kila kipuri ni mali, na wameanza kuvishikilia. Mwishoni mwa 2015 Swatch Group, inayomiliki Omega, Longines na Tissot, ilisitisha kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla waliokuwa wakiwahudumia mafundi wa kujitegemea. Anayetaka huduma huelekezwa kwenye vituo vilivyoidhinishwa, na vituo hivyo ni nadra katika miji yetu. Fundi wa Kariakoo au wa Mombasa anayejua kuifungua mashine, kuiosha, kuitia mafuta na kuirudisha anabaki na ujuzi bila vipuri, na anayempelekea saa anaonywa na watu wa mnada kwamba ikiguswa na fundi huyo saa itapoteza thamani. Ujuzi unaokosa kazi haurithishwi. Kijana hawezi kujifunza ufundi ambao kanuni za soko zimeugeuza kuwa kosa. Kwa hiyo imani inayodai kuienzi kazi ya mikono ya mafundi waliokufa inawanyima riziki mafundi walio hai, ambao ndio pekee wanaoweza kuzifanya saa za zamani ziendelee kutembea.

Kwa msomaji aliyerithi Seiko, Omega au Rolex ya mzazi wake, hitimisho langu ni la vitendo. Usianze kwa kuuliza itauzwa bei gani. Mtafute fundi mwaminifu, mwambie aisafishe, abadilishe springi na mpira wa kuzuia maji, na kama kioo kimepasuka akiondoe na kuweka kingine. Aandike alichofanya na vipuri vya zamani akurudishie. Kisha uivae. Ukitaka kuwekeza, wekeza kwenye kitu kinachozalisha; ukitaka historia, andika jina la aliyeinunua saa hiyo, mwaka na kazi aliyokuwa akifanya alipokuwa ameivaa, kwa kuwa hilo hakuna mnada utakaokuandikia. Bei ya soko itashuka kidogo kwa kufanya hivyo, nawe utakuwa na saa inayofanya kazi, fundi aliyelipwa na kumbukumbu ya kweli ya familia yako. Vitatu hivyo vina thamani kuliko cheti cha kutoguswa.